Waliniambia Niseme Ni Vita

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema kuhusu ugonjwa wa mfupa ni harufu. Maumivu niliyatarajia, nimezaa, nayajua maumivu. Lakini harufu ya mguu wangu mwenyewe, iliyonifikia asubuhi kabla sijafumbua macho, ilinifanya nijione kama mtu anayelala kitanda kimoja na mzoga. Binti yangu Esther alipoletwa kuniona mara ya kwanza, alisimama mlangoni akaziba pua kwa pindo la kitenge cha bibi yake. Sikumlaumu. Nilimlaumu mtu mwingine, na mpaka leo namlaumu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyelazwa sasa na kidonda kinachojifunga na kujifungua, anayeona vipande vya mfupa wake vikitoka na usaha kama maganda ya yai, na anayeambiwa na jamaa zake awe mpole. Mimi sikuwa mpole. Mguu wangu ninao.

Zamani zile nilikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Nyumba yetu iko Butembo, lakini kahawa niliinunua upande wa Mutwanga, chini ya milima, kwa wakulima walionijua. Nilikuwa na pikipiki na niliiendesha mwenyewe, jambo lililowakera watu wengi kuliko nilivyofikiri. Mume wangu, Kasereka, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ya chini, na pikipiki anaiogopa. Ilikuwa miaka ya vita. Waasi ndio waliotawala Butembo na Beni, vizuizi vilijaa barabarani, na mtu alisafiri siku ambayo njia ilikubali. Mimi nilizoea. Nilijua askari yupi anataka sigara na yupi anataka tu asalimiwe kwa Kilingala kama mkubwa.

Breki ya nyuma ilipoanza kulegea niliipeleka kwa Muhindo. Muhindo ni mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo kwangu ni shemeji, na ndiye aliyekuwa na garaji iliyosifiwa kuliko zote mtaani kwetu, kwa sababu makamanda walitengeneza pikipiki zao pale. Nilimwambia aifungue breki yote, aisafishe, abadilishe kilichochakaa. Nilipokwenda kuichukua, pikipiki ya kamanda mmoja ilikuwa imelazwa katikati ya uwanja, vyuma vyake vimetapakaa juu ya gunia, na vijana wote wa garaji wameiinamia. Yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Freni iko muzuri, shemeki. Enda tu," Muhindo aliniambia huku akifuta mikono.

"Umeiangalia weye mwenyewe?"

"Mi njo patron hapa. Unataka nikuapie?"

Nikaenda. Mvua zilikuwa zimeanza kurudi baada ya kiangazi, watu walikuwa wanapanda maharage. Nilivuka vizuizi vyote bila neno baya. Nilikuwa nimeshakipita kijiji cha Maboya, kwenye mteremko mmoja mrefu upande wa Beni, nilipokanyaga breki ya nyuma. Nilisikia mlio wa chuma, na gurudumu likakwama ghafla kana kwamba mtu ameliingizia gogo. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka nimelala topeni, pikipiki iko juu ya mguu wangu wa kushoto, mfupa umetoboa ngozi, na gurudumu la nyuma liko mbele ya uso wangu, karibu kama sahani ya chakula. Kuna mkono wa chuma unaoshikilia breki isizunguke pamoja na gurudumu. Mkono huo ulikuwa unaning'inia. Nati yake haikuwepo. Ile pini ndogo inayozuia nati isifunguke haikuwepo pia. Niliingiza kidole katika tundu. Lilikuwa tupu, na limepakwa grisi mpya.

Siku ile hapakuwa na risasi. Hapakuwa na askari, wala mpiganaji wa porini, wala mlio wa bunduki hata wa mbali. Walikuwepo wanawake wawili waliotoka shambani na majembe yao. Ndio walioniondolea pikipiki na kuita wanaume wanibebe kwa kipoyi, machela ya miti. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu watu wote wa ukoo wangu walilisahau katika muda mfupi sana.

Hospitali walikonifikisha iko Beni. Nilikaa barazani chini ya ukuta kwa muda ambao siwezi kuupima, mguu umefungwa kwa vijiti na kitenge, kati ya watoto wenye malaria na wanawake wenye mimba. Kila munganga aliyepita, daktari au muuguzi, nilimwita. Kila mmoja alisema "nakuya", akaenda. Jua lilihama kutoka magotini mpaka usoni. Mama mmoja nisiyemjua alisogeza benchi lake ili kivuli chake kinifunike kichwa, akabaki hivyo mpaka alipoitwa. Sikupata hata kumshukuru.

Mama-mkwe wangu anakaa huko huko Beni, mtaa wa Ruwenzori. Aliposikia alikuja mbio na termosi ya uji. Wakati huo homa ilikuwa imeanza kunichukua, na maneno ya watu yalinifikia kama yanatoka ndani ya pipa. Katika uwanja wa hospitali palikuwa na hema kubwa, ambamo wageni kutoka Ulaya walitibu majeruhi wa vita bila kuwadai kitu. Dawa kali zilikuwa mle. Daktari wa mifupa alikuwa mle. Huku kwetu barazani palikuwa na munganga wa kupita na pamba.

Mtu wa hema alipita akauliza huyu mwanamke amepatwa na nini. Mimi sikuwa na ulimi. Mama-mkwe akamjibu: "Ni vita."

Wakanibeba wakaniingiza hemani. Walinisafisha mguu, wakanipigilia vyuma kutoka nje kuingia mfupani, nikawa naonekana kama ua ulioanza kujengwa ukaachwa. Nilipopata akili nilimwona mwanamke kitanda cha jirani ananitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya kiwiko. Aliitwa Kanyere, mkulima wa upande wa Mutwanga.

Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa. Ilipofunguka mume wangu alifika, amekonda, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alinishika kichwa, akalia kidogo, halafu akaniambia habari ya pikipiki, moto kama tunavyoiita kwetu, aliyodhani itanifurahisha.

"Moto yako niliikuta kwa nyumba ya chef wa kijiji. Nimeipakiza kwa pickup, nimeituma kwa Muhindo. Ataitengeneza bure."

"Umeituma kwa nani?"

"Kwa Muhindo. Njo garaji ya familia."

"Baba Esther, na ile tundu? Uliiangalia?"

"Tundu gani?"

Niligeuza uso. Kulia sikuweza, homa ilikuwa imenikausha machozi. Nilimweleza: mkono wa chuma, nati, pini, kidole changu. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto anayesema amemwona mchawi darasani. Akasema tutaongea nikipona.

Muhindo mwenyewe alikuja baadaye, na kikapu cha machungwa. Alisimama katikati ya hema, akavua kofia, akaomba kwa sauti ambayo hata watu wa barazani waliisikia. Alipomaliza akaketi pembeni ya kitanda changu.

"Mungu iko mukubwa, shemeki! Bale bana ba pori bangekuua."

"Bana ba pori gani?"

"Bale balikukimbiza. Batu bote kwa Butembo banajua. Uliogopa, ukakimbiza moto, ukaanguka."

"Hapana mutu alinikimbiza. Nati ya freni ilitoka. Haukutia pini."

Hakushtuka. Hilo ndilo nililolichukia kuliko yote, kwamba hakushtuka. "Moto iko kwangu," alisema polepole. "Baba Esther akuye aone. Nati iko mahali yake. Pini iko mahali yake. Freni yote iko nzima."

"Umetia mupya."

Alicheka, akawageukia wagonjwa wengine. "Homa inamusemesha. Mwanamuke akitembezaka moto, anaogopaka, anakanyaga freni yote mara moja. Lakini hapana kosa yake. Ni vita."

Akaacha machungwa, akaenda. Nilimwomba mwenye kufagia ayachukue yote.

Jioni ile Kanyere, ambaye mpaka hapo hakuwa amenisemesha zaidi ya salamu, alikaa kitandani kwake akanitazama moja kwa moja.

"Kumbe weye hauko mutu wa vita?"

"Mama-mukwe njo alisema. Mi nilikuwa na homa."

"Mi risasi ilinikuta kwa shamba ya kahawa. Bwana yangu alikufia pale, nilikuwa namushika na hii mukono haiko tena." Aliigusa bandeji yake. "Ile njo vita. Yako ni ya yule bwana wa machungwa. Hapana kuweka yako juu ya yangu."

"Nikisema, batanitosha humu, batanitupa inje."

"Sema ao nyamaza. Lakini hapana kuniambia mi ndugu yako wa vita."

Nilimchukia usiku mzima. Lakini asubuhi chuki ile haikuwa tena juu yake.

Nilipomwambia mama-mkwe kwamba nataka kusema ukweli, alipiga magoti kando ya kitanda, yeye mkubwa, mbele yangu mimi mke wa mwanawe. "Mwanangu, dawa iko humu. Ukitoka batakata muguu. Mi nilisema vile juu ya kukuokoa." Na alisema kweli, aliniokoa. Kama uko hospitali na mtu wako amesema uongo ili upate dawa, usimtukane. Mimi sikumtukana. Nilimwinua tu, nikanyamaza, nikaendelea kunyamaza kwa muda, nikimeza vidonge vya watu waliopigwa risasi. Kidonda kilikuwa hakifungi. Walinirudisha chumba cha upasuaji mara ya pili, wakachota usaha mwingi ndani. Nywele zangu zilianza kutoka na kubaki kwenye mto zikiwa mafungu. Hedhi ilikatika. Kisigino kikaota kidonda cha kulalia. Nilikuwa nafikiri: nikitoka humu nitakufa, ngoja nipone kwanza, halafu nitasema.

Aliyenifanya niseme ni askari. Alikuja peke yake, mtu mzima, na bunduki begani ingawa ilikatazwa kuingia nayo hemani. Akaketi kitandani kwangu bila kuniuliza, karibu na vile vyuma, mpaka godoro likainama na mguu ukaniungua kama umetiwa kwenye makaa.

"Mama, tika likambo oyo," aliniambia kwa Kilingala. Acha jambo hili. Akaongeza kwa Kiswahili chake, "Muhindo anatutengenezeaka moto yetu. Tunamupenda. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Akakigonga chuma kimoja cha mguu wangu kwa kucha yake, kama mtu anayejaribu chungu sokoni kama kina ufa, akaondoka.

Asubuhi daktari wa Kikongo aliyefanya kazi na wale wageni alipopita na wenzake, nilimwita. Nilisema kwa sauti, ili hema lote lisikie: "Docteur, mi sikuumizwa na vita. Nilianguka juu freni ya moto yangu ilitengenezwa vibaya kwa garaji ya Muhindo, kule Butembo. Hawakutia pini. Hapana mutu alinikimbiza."

Mama-mkwe alifunika uso. Daktari aliwaashiria wenzake watangulie.

"Mama, unajua maana ya kusema vile? Hiki kitanda ni cha batu ba vita."

"Najua."

"Juu ya nini unasema leo?"

"Juu ile garaji ingali inafanya kazi."

Hakunisifu, wala hakunigombeza. Mchana walikuja watu wawili wakanibeba na godoro langu, wakaniweka kwenye ujia wa jengo la wagonjwa wote, mahali mvua ikipiga kwa upande inafika mpaka shukani. Tangu siku hiyo dawa zangu zilitafutwa mjini, duka kwa duka, na pengine hazikupatikana kwa sababu barabara imefungwa. Kasereka aliuza mikaratusi ya baba yake kule Lubero. Alikuja kunieleza akiwa amesimama.

"Umeniuzisha miti ya baba yangu juu ya nati moja."

"Mwenye kuiuza ni Muhindo."

"Muhindo ni ndugu yangu!"

"Na mi ni nani?"

Alirudi Butembo bila kuniaga. Msimu mzima wa mvua hakuja. Alimtuma mdogo wake na vitu. Ukoo ulikutana, nikaambiwa baadaye, wakasema mwanamke huyu tangu mwanzo alikuwa na kiburi cha magurudumu. Wakamwambia mume wangu angoje tu, mguu ukikatwa nitatulia.

Na kweli ulikuwa karibu kukatwa. Hapa nataka nimseme yule daktari vizuri. Hakuwa na wajibu tena kwangu, lakini alikuja ujiani akaniinamia, akanusa kidonda kama mpishi anusavyo mchuzi, akasema kuna kipande cha mfupa kimekufa mle ndani. Kisipotoka chote, homa haitakwisha. Ataingia mara moja tena. Baada ya hapo homa ikirudi, atakata juu ya goti.

Basi nikangoja homa. Sijui kungoja kunakofanana na huko. Baada ya upasuaji ule nilikuwa najigusa shingo kwa mgongo wa mkono tangu alfajiri: ni joto langu, au ni la jua, au ndiyo yenyewe imefika? Nilikuwa naogopa chai ya moto kwa sababu ilinitia jasho. Mwenye ugonjwa huu anajua ninachosema. Unakuwa bawabu wa mwili wako mwenyewe, unasikiliza kila anayepiga hodi.

Siku hizo Kanyere alikuwa amepona kidonda chake, anangoja tu njia ya Mutwanga ifunguke. Kila asubuhi alitoka hemani akaja ujiani na chanuo. Hakuomba ruhusa. Alikaa nyuma ya kichwa changu akanichana nywele zilizobaki, kwa mkono wa kushoto, vibaya, akivuta.

"Unaniumiza," nilimwambia.

"Nyamaza. Ningali nafundisha hii mukono."

Hatukuongea tena juu ya vita. Siku barabara yake ilipofunguka aliondoka kabla sijaamka. Aliacha chanuo chini ya mto wangu.

Homa haikurudi. Sikuamini siku ya kwanza, wala ya pili, wala wiki ile. Maharage yaliyokuwa yanapandwa nilipoanguka yalikuwa yameshavunwa, yakapandwa mengine, na sasa hayo mengine yalikuwa yanauzwa mabichi nje ya lango la hospitali. Kidonda kilianza kukauka kingo zake. Walinitoa vyuma. Mguu uliobaki ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, umejipinda, goti halikunji, na mfupi kuliko mwenzake. Niliulilia nilipouona, halafu nikauosha.

Kiangazi kilipofika alikuja mtu nisiyemfahamu, mwalimu kutoka Kayna, shati jeupe limejaa vumbi jekundu. Aliuliza ujiani: ni nani yule mama aliyekataa hema? Nilipata woga, nikadhani ni mjumbe mwingine. Kasereka alikuwepo, alikuwa ameanza kuja tena, anakaa mbali, anaweka chakula, haongei. Mwalimu yule alimsalimia mume wangu kwanza, kisha akaniinamia.

"Mama, mi nilitengeneza freni kwa Muhindo, nikasafiri nayo mpaka kwetu. Kule nikasikia batu banasema habari yako. Nikainama, nikaangalia nyuma. Nati ilikuwa imefika kwa mwisho ya uzi. Pini hapana." Alionyesha kwa vidole jinsi nati ilivyobaki imeshikilia. "Kesho yake nilikuwa nimubebe muke yangu kwenda maternité. Iko na mimba ya miezi munane."

Akatoa bonge la jibini na maparachichi kwenye mfuko, akaviweka miguuni kwangu. Akasema "wasingya", shukrani ya kwetu, mara nyingi, na machozi yakimtoka mbele za watu. Kisha akaenda, maana alitaka kuwahi vizuizi kabla jua halijatua.

Kasereka alibaki ameketi akitazama jibini. Halafu aliuliza, bila kuinua macho: "Ilikuwa ile mukono wa chini ya gurudumu? Ile inashikaka freni?"

"Njo ile."

"Na tundu ilikuwa na grisi."

"Mupya."

Aliondoka alfajiri. Aliporudi, mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba na kifungo cha shati kimekatika. Mume wangu, mwalimu wa sauti ya chini, alikuwa ameingia garajini kwa ndugu yake mchana, mbele ya wateja, akaitoa pikipiki, na vijana wa pale wakampiga, naye akaisukuma hivyo hivyo mpaka nyumbani akisema njiani kote sababu ya kuisukuma: pini haikutiwa. Hakuniomba radhi. Alichukua beseni la kidonda changu, ambalo hakuwa amewahi kulishika, akaenda kulimwaga na kulisugua kwa majivu.

Nilirudi Butembo nyuma ya pickup, juu ya magunia, na magongo yangu kifuani. Muhindo hakushtakiwa popote. Kwa nani? Waliokuwa na nguvu ya kuamua ndio waliomwekea pikipiki zao. Aliendelea kusema ni vita. Nimegundua vita ilikuwa inabebeshwa dhambi za watu wengi miaka ile: aliyeiba akiba ya kanisa, ni vita, aliyemtupa mke, ni vita, daraja lililojengwa kwa mbao mbovu, ni vita. Na vita yenyewe ilikuwa na maiti zake za kutosha.

Mchungaji wetu alijaribu kutupatanisha. Alimleta Muhindo nyumbani kwangu Jumapili alasiri, pamoja na wazee wa ukoo. Niliwapikia bukari na sombe, ugali na kisamvu, kwa sababu mgeni ni mgeni. Walipokula, mchungaji akasoma maneno ya kusamehe, kisha akamwashiria Muhindo.

"Shemeki," alisema akitazama sakafu, "kama nilikukosea, unisamehe."

"Hapana kusema 'kama'."

"Mama Esther," mchungaji akaniambia, "amekuya kwa nyumba yako. Tayari ni kitu."

"Aseme: sikutia pini. Ni maneno mbili. Akisema, nitamupa mukono sasa hivi."

Nzi walitembea juu ya sahani. Mama-mkwe, ambaye sikutarajia neno kwake, alisema taratibu: "Sema, mwanangu. Mi pia nilisema uongo, na niko hai." Muhindo akasimama, akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka.

"Mwanamuke hapana kutembeza moto," alisema.

Wazee wakamfuata. Mchungaji alibaki kidogo, akaomba kwa kifupi, hakurudi tena na jambo hilo.

Wewe uliyelala na mfupa unaooza, yachukue haya kutoka kwangu. Omba mtu akuinulie kisigino kila asubuhi, kwa sababu kidonda cha kulalia huanza huku ukiwa unaangalia kidonda kingine. Kula hata kama harufu yako inakukatalia. Waache watoto waje. Esther wangu aliziba pua mwanzoni, lakini mwishowe ndiye aliyenifundisha kutembea, akirudi kinyumenyume mbele yangu na mikono wazi kama nilivyomfanyia yeye. Wakikuambia umshukuru Mungu kwa kuwa hukufa, mshukuru, halafu sema na kilichobaki. Hasira haikunizuia kupona. Wapo watakaokuambia hasira ni sumu kwenye kidonda. Kidonda changu kilifunga nikiwa na hasira, na kimebaki kimefungwa.

Siwezi tena kuendesha pikipiki. Kahawa nanunua kwa mkono wa watu wengine, nafaidi kidogo. Ndala yangu ya kushoto ina soli nene ya tairi niliyoshonewa sokoni, nayo hugonga chini kwa sauti yake, watu hunijua nikija kabla hawajaniona.

Kiangazi hiki nilipita mbele ya garaji ya Muhindo nikitoka sokoni. Kijana mmoja alikuwa amekuja kuchukua pikipiki yake. Muhindo alimpa ufunguo. Kijana hakupanda. Aliweka mkoba chini, akapiga magoti vumbini nyuma ya gurudumu, akaingiza kichwa, akapapasa nati moja moja kwa vidole. Mwingine nyuma yake alikuwa anangoja zamu, naye ameshachuchumaa. Muhindo alisimama juu yao, mikono kifuani, uso umekunjwa, hana la kufanya mpaka wamalize. Alisikia soli yangu, akainua macho. Mimi sikuharakisha. Nilimwangalia yule kijana mpaka aliposimama, akajifuta magoti, akasema iko sawa, ndipo nikaenda zangu.